Risiti

Alimnunua mnadani Ibra,
akaja naye kiti cha nyuma,
kichwa nje ya dirisha kama mgeni wa harusi.
Kabla hawajafika Mudhairibu
mbuzi alikwisha kula karatasi ya malipo.
"Basi jina lake Risiti," akasema mume wangu,
"nani tena atatudai ushahidi?"

Miaka sita hiyo.
Na miaka sita alimsemesha Kiswahili.

Wanangu nimewazaa hapa. Nikisema, wanaelewa,
wanajibu Kiarabu, kisha simu.
Wajukuu wanajua *mandazi*, wanajua *pole*.
Lugha ile tulibaki nayo wawili nyumba nzima,
tukipokezana kama kikombe kimoja cha chai.
Wawili, na mbuzi.
"We mpuuzi, toka kwenye mrehani!"
"Haya, njoo, kula, usijifanye bibi harusi."
Mundhiri akimwita kwa Kiarabu
hata sikio halitikisiki.

Kisha ile Alhamisi. Siisimulii.
Walimtoa mlango wa mbele, miguu mingi,
mimi nikabaki na viatu vyake.

Eda ina hesabu yake, miezi minne na siku kumi.
Wakaja wanawake, ikaja kahawa, ikaja halwa,
wakanambia subira,
wakanambia amana imerudi kwa mwenyewe.
Kweli yote. Niliitikia yote,
macho makavu kama falaji mwaka wa ukame,
wakatoka wakisifu: moyo wake imara, mashaallah.

Lakini alfajiri,
saa aliyokuwa akirudi msikitini
na mfuko wa dagaa wakavu na tende zilizosagika,
Risiti alilia.
Nawajua mbuzi wenye njaa. Huyu alikuwa akiuliza.
Siku ya tatu hakugusa majani.
Siku ya tano Mundhiri akasema,
tumpeleke mnadani, Mama, kabla hajakonda.

Nikatoka uani. Eda hainikatazi ua wangu.
Nikachuchumaa mbele yake sina neno,
likatoka la marehemu, kwa sauti yangu iliyokwaruza:
"Haya, njoo, kula, usijifanye bibi harusi."

Masikio yote mawili yakanigeukia.

Ikawa kila alfajiri.
Namkamua, namhadithia: bei ya vitunguu,
nani kaja kuhani, nani kajidai kuumwa,
Bi Ghasiya alivyokula halwa sahani mbili akilia.
Hanambii subira. Hutafuna tu.
Upo uungwana katika kutafuna.

Wiki ya saba nilianika kanga kambani,
ile aliyoniletea kutoka Darajani
mwaka aliokwenda peke yake:
ULIYONIPA SIJASAHAU.
Kugeuka na beseni, Risiti keshakula ncha,
*sahau* yote, na nusu ya korosho la pembeni.
Kambani inapepea
ULIYONIPA SIJA

Sija nini, we mpuuzi?
Sijalala.
Sijafungua kabati lake.
Sijahamisha vile viatu.
Sija

sijalia.

Nilipolisikia limetoka zima mdomoni mwangu
nikamshika shingo, inanuka dagaa, inanuka jua,
nikalia kwa Kiswahili,
maana kulia nako kuna lugha,
nikalia mpaka kamasi, mpaka jirani akafunga dirisha kwa heshima.
Mbuzi asiyetulia hata kukamuliwa
alisimama.
Mara moja tu alijaribu mtandio wangu.

Eda imekwisha. Mnadani hatukwenda.
Kanga sijaishona, na sitaishona.

Jana Shinuna, mjukuu wangu wa miaka minne,
kasimama mlangoni pa zizi kamwita mara mbili, Kiarabu safi.
Kimya.
Akanitazama: Bibi, yeye anaitwaje kwa maneno yake?

Sema *njoo*, nikamwambia.

"Njo," akasema.

Risiti akainua kichwa, akafikiri.
Ile o ya pili tutaishughulikia kesho.