Kidato cha Tano

Kwa Struan Petrie uliteremka vidato tisa,
na cha tano kilikuwa kimemeguka.
Wateja wake tulijuana kwa hicho:
mguu ulikiruka wenyewe, hata gizani,
hata mikono ikiwa imejaa.
Mgeni alijitambulisha kwa kishindo.
"Karibu," angesema Petrie bila kuinua kichwa,
akiendelea kupuliza vumbi kwenye sindano.

Dundee niliyoijua mimi
ilikuwa imeshona magunia ya dunia nzima,
kisha viwanda vikanyamaza kimoja kimoja
na akina mama wakabaki wakipaza sauti jikoni
kwa mazoea ya kushindana na mitambo.
Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alisikia nusu.
Labda ndiyo maana nilipenda maduka
ambamo watu hawakuwa na kazi nyingine ila kusikia.

Yalikuwa manne. Hapana, matano,
ukihesabu la Ishbel Rattray: mbele palishonwa viatu,
na nyuma, ukifunua pazia, paliuzwa santuri za jazi.
Jazi yake ilinuka gundi. Mpaka leo
tarumbeta kwangu ina harufu ya soli mpya.
Na kule kilimani, ndugu wawili walionuniana miaka kumi na moja
waligawana duka kwa chaki sakafuni,
huku rege, huku opera,
na madeni yao yakapitia kwa mteja:
"Mwambie huyo ananidai pauni tatu."
Nimewahi kuwa mjumbe wao. Nililipwa bango.

Lakini Jumamosi zilikuwa za Petrie.
Ukungu wa mto Tay ukipanda barabarani,
makoti yakifuka mvuke kando ya hita ya mafuta ya taa,
tulisimama ubavu kwa ubavu tukipekua,
tap, tap, tap, majalada yakiangukiana,
watu wazima kimya, kama wanaochambua mchele.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoweka kaunta
santuri ya mwanamke mmoja na piano yake.
Petrie aliigeuza, akanitazama, akaiweka chini.
"Hii sikuuzii. Rudi ukishaachwa."
Nilikasirika hadi masikio. Fedha si ninayo!
Akanipa, kwa nusu bei, vijana fulani wa Perth
waliopiga gitaa kama wanaopasua kuni.
Niliapa sirudi tena.
Jumamosi iliyofuata nikaruka kidato cha tano.

Ikapita miaka saba.
Lachlan akaenda Aberdeen, kwenye visima vya mafuta,
akaandika barua moja. Ya pili aliiandika dada yake.
Sikumwambia mtu. Niliteremka dukani
uso nimeuosha, midomo nimeipaka rangi.
Petrie akainama chini ya kaunta, akakawia huko,
magoti yakimlia,
akaibuka na jalada lile lile,
pembeni jina langu kwa penseli, Mhairi,
na bei ya mwaka ule.
Hakusema pole. Alinihesabia chenji
peni moja moja,
hadi nikaweza kuinua macho.

Santuri ina mkwaruzo upande wa pili.
Kwenye wimbo wa tatu sauti huruka neno,
na kwa miaka niliamini ndivyo alivyoimba.
Majuzi nikausikia redioni, mzima,
neno lenyewe liko mahali pake: *kesho*.
Nikaona limezidi.

Petrie tulimzika mwezi wa Machi, upepo ukitunyang'anya kofia.
Chumba kile sasa hutengenezwa simu.
Kijana Sohail amekijaza saruji kidato,
na amefanya vyema, watu wangevunjika miguu.
Juzi nikampelekea kioo changu kilichopasuka.
Nikateremka nikiwaza mengine,
mguu ukaruka palipo pazima,
nikafika chini kwa kishindo, mkono ukutani.

"Karibu," akasema, bila kuinua kichwa,
akipuliza vumbi kwenye kitu kidogo sana.