Kapu la Manjano

Tindikali ilipochuruzika chini ya pipa la nne,
kiwandani Tarnów, saa tisa usiku,
Zbyszek alikimbilia kapu jeupe, lililokuwa karibu.
Vitambaa vyake vilielea tu, vikavu,
kama wageni waliosusa chakula:
vilinunuliwa kwa ajili ya mafuta,
havijui kunywa kingine.

Bogumiła hakupiga kelele.
Alivaa miwani, glavu za hadi viwikoni,
akaburuta kapu la manjano
ambalo mwaka jana mhasibu aliliita anasa.
Kwanza soksi nene za unga, mbele ya mfereji.
Ndipo akarudi katikati, polepole.

Alfajiri sakafuni limebaki doa,
ukubwa wa sahani.
Zbyszek huliruka kila apitapo.
Bogumiła anahesabu vilivyosalia kapuni:
soksi mbili.
Glavu, hakuna.