SINADENI

Jumapili, jua halijamaliza kupanda Barabara ya Ngong,
wanakuja wapenda magari, mmoja mmoja,
wakinguruma kwa adabu kama wageni wanaokohoa mlangoni.
Mimi ndiye mwenye mpira wa maji na ndoo mbili.
Mia tatu gari dogo, mia nne likirudi na matope ya Suswa.
Siulizi majina. Nasoma nyuma ya gari.

Zamani nyuma ya gari ulisoma miaka:
KAA mzee, KBZ kijana,
KDS bado linanuka plastiki ya viti.
Mpita njia alijua umri wa gari lako
kama mchuuzi wa ng'ombe anavyojua, kwa meno.
Sasa wenye nacho wameyang'oa meno hayo,
wameandika wanavyotaka kuitwa.
Kuna MUTUA 1, na sijamwona wa pili.
Kuna DAKTARI, anauza mabati.
Kuna pikapu ya Datsun, kuukuu lakini inang'aa, NYANYA,
nikadhani ni bibi yake, nikampa pole.
Kumbe ni mkulima wa Loitokitok.
Nyanya zilimlipa msimu mmoja,
msimu mmoja tu,
akataka zikumbukwe.

Na kuna Subaru ya buluu ya Gichohi:
SINADENI.

Milioni, aliniambia, akiipiga pleti kofi la mapenzi.
Milioni nzima, kwa kipande cha bati?
Si bati, akasema. Ni neno.
Milioni yenyewe aliikopa Sacco, wadhamini wanne,
mmoja ni shemeji yake, Mugendi,
ambaye siku hizi Subaru ikipita
huvua kofia kama aliyekutana na jeneza.

Sikucheka. Nilichuchumaa, nikapitisha kitambaa
juu ya S, juu ya I, nikashuka N, nikapanda A,
kwenye D kidole kikagoma.
Ile D ina kibonyeo tumboni,
kidogo, kama kovu la ndui.
Nakijua.
Mashine ya tatu, ya dirishani, karakana ya gereza, Kamiti,
ile iliyouma bati kabla hujaiamuru.
Mkono uliovuta wenzo ni huu wenye povu.

Ilikuwa Jumanne, maharagwe, mvua.
Afande Lokwawi alileta karatasi ya oda
akaisoma kwa sauti ya mahakamani: Sina deni.
Karakana nzima ikaanguka,
wenye miaka saba, wenye kumi na miwili, wenye maisha,
hata Ochola, aliyekuwa hajacheka tangu hukumu,
alishika mbavu akaomba tumhurumie.
Mimi nilibakisha miezi kumi na mmoja.
Kifuani nilikuwa na namba, tarakimu tano.
Sikuilipia hata senti
na hakuna aliyeniuliza kama nimeipenda.

Ningeweza kumwambia Gichohi.
Kwamba neno lake nililitoa mimi,
nikalipuliza vumbi kwa pumzi hizi hizi,
D ikatoka na doa na nikaiacha ipite,
si kwa hekima yoyote,
ilikuwa saa kumi na nilikuwa na njaa.
Lakini itaje Kamiti mahali pa kuoshea magari
uone watu wanavyoanza kuhesabu vioo vyao vya pembeni.

Basi nikaisugua. Nikaisugua D kuliko wenzake,
mpaka ndani ya kile kibonyeo nikauona uso wangu,
mdogo, umepinda, lakini wangu.

Gichohi anawasha. Injini inajikuna koo.
Anapapasa mfuko huu, anapapasa ule,
anatoa mia mbili zilizokunjwa mara nne.
"Hiyo mia nyingine, Jumapili ijayo, ndugu yangu."

Naangalia herufi zikipungua hadi mzunguko wa barabara.
Nakausha mkono kwa suruali, nafungua daftari,
naandika:

SINADENI, mia moja.