Mkaguzi wa Maini

Miaka ishirini na tisa nimekata maini ya watu,
ng'ombe wa watu, nataka kusema.
Machinjio ya Moshi, saa kumi na moja alfajiri,
buti za mpira, taa moja inayochezacheza,
kisu kifupi na muhuri wa wino.
Ini nililishika kama mtu ashikavyo kichanga kisicho chake,
kwa mikono miwili, bila kulipenda.
Chanjo mbili tu. Nikikuta minyoo, ndoo.
Nikikuta madoa meusi yenye wekundu ndani,
kama zambarau zilizokanyagwa njiani,
ndoo.
Kiwelu wa Kibosho aliwahi kunishika mkono wa koti:
"Bwana mifugo, huyu alikuwa anakula vizuri!"
Nikamjibu, ni vimishipa vimetanuka tu, havimdhuru mlaji,
lakini sheria ni sheria.
Siku ile nilikata maini mara mbili,
la ng'ombe na ya Kiwelu,
kisha nikaenda kunywa chai.

Sasa nimelala chali, jeli ya baridi ubavuni.
Dokta Nuruana Mshana, rika la kitinda mimba wangu,
anapitisha kifaa chini ya mbavu
kama mtu anayepiga pasi kunjo moja lisilotaka kunyooka.
Ananyamaza.
Nakujua kunyamaza kule. Ndiko kwangu, kabla ya ndoo.

"Vivimbe vitatu," anasema.
"Basi kata uangalie."
Anacheka, si kwa dharau.
"Mzee Mlay, hivi vimejengwa kwa mishipa ya damu.
Sindano ikiingia bila hodi,
damu haitauliza mlango uko wapi."

Wakaniingiza kwenye lile duara.
Dawa ikapanda mkononi, ya moto, ikashuka kiunoni,
nikadhani nimejikojolea.
Kijana wa mashine akasema kila mtu hudhani hivyo.
Halafu picha.
Viwili vilijaa polepole, toka ukingoni kwenda kati,
kama maji ya mfongo zamu yetu ya jioni
yanavyozunguka shimo la mgomba kabla ya kuligusa shina.
"Hivi ni vya amani," daktari akasema. "Viache vilale."
Cha tatu hakikujaa.
Kimeivuta ngozi ya ini ndani, kama kitovu.

Ikabidi hodi ipigwe hata hivyo,
sindano ikiongozwa na picha, ikipitia kwanza kwenye nyama nzima,
nami nimeambiwa nisipumue.
Kipande chembamba kama kijiti cha kiberiti.
Kikaenda Dar. Dar wakauliza kwingine.
Wiki sita.

Jina lilikuja refu kuliko barua yenyewe.
Ndeanasia alijaribu kulitamka mara mbili, akaacha,
akasema tumwite Mgeni.
Siku ya tatu tungempa jembe, lakini huyu
halimi wala haagi.

Daktari hakunificha: amewaona wawili,
mmoja kitabuni.
Si mkali kama ndugu yake anayemaliza mtu kwa miezi,
si mpole kama wale majirani zake waliolala.
Kumkata? Ameegemea mshipa mkubwa.
Kubadilisha ini? Ng'ambo, na bei yake
ni kihamba chote na makaburi yaliyomo.
Basi tumwangalie. Kila miezi mitatu,
duara, dawa ya moto, usipumue, pumua.
Nikauliza sheria inasemaje.
"Kwa kitu kinachokuja mara moja katika watu milioni,
Mzee, sheria bado inaandikwa."
Nikaona kwamba anaiandika kwa kalamu ya risasi.

Juzi nilipita machinjioni kusalimia.
Kijana aliyenirithi akaniletea ini, mikono miwili,
madoa ya zambarau toka ncha hadi ncha.
"Shikamoo. Hili, mzee?"

Nililitazama kupita muda unaoruhusiwa.
Mwenye ng'ombe alisimama mlangoni, kofia mkononi.
Ndoo ilikuwa pale pale ilipokuwaga.
Mkono wangu, sijui tangu saa ngapi,
ulikuwa ubavuni,
na kijana anangoja, na wino unakauka kwenye muhuri.