Unga wa Jioni

Tsumagoi, mwezi wa saba. Kabeji zimefunga vichwa
kama wanawake waliokataa kuambiwa.
Napiga magoti tuta la tatu, nafunua jani la nje:
viwavi, kijani juu ya kijani,
wanatafuna bila haya.

Dukani Shigeta kaniuzia pakiti ya fedha.
Ndani, unga wa rangi ya chai ya maziwa,
unanuka chachu iliyosahauliwa kabatini.
"Si sumu," alisema. "Ni kiumbe hai, mkazi wa udongo.
Mnyunyize jua likishapoa. Jua humuua."
Nyuma ya pakiti, maandishi madogo kama mayai ya nondo,
na mstari wa mwisho ukanishika mkono:
usitumie karibu na viwavi wa hariri.

Bibi Fusae.

Ghorofa ya juu ya nyumba yake hakulala mtu.
Kule waliishi viwavi elfu arobaini,
wakila majani ya mforosadi usiku kucha,
nasi chini ya dari tukisikia
kama mtu anayekunja karatasi asiyoimaliza.
Bibi aliwaita waheshimiwa.
Babu hakuwahi kuitwa hivyo hata siku moja.

Kisha usiku mmoja, kimya.
Alipanda ngazi na taa.
Trei baada ya trei: vichwa vimeinama,
miili imelegea, inaanza kuwa myeusi.
Aliwazoa kwa mikono, si kwa ufagio,
akawafukia penye mizizi ya miforosadi,
na ngazi ile hakuikanyaga tena.
Masika yaliyofuata babu alishika shoka,
akapanda kabeji.

Kumbe ni wewe.
Wewe uliyezima ghorofa ya bibi
ndiwe nimekubeba mgongoni, lita kumi na tano,
unachapa maji kila nikipiga hatua.
Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema.
Hawasemi ufanyeje
akiwa ndiye aliyezika waheshimiwa wa bibi yako.

Saa kumi na mbili. Mlima Asama umevaa kivuli.
Napiga pampu.
Kiwavi atakula jani kama alivyokula jana;
tumboni mwake fuwele itayeyuka, itatoboa,
na kabla ya usiku wa manane hamu itamwisha.
Nyuki anapita katikati ya ukungu wangu, hana habari.
Mimi nalamba mdomo uliolowa, sina habari.
Ufunguo huu haufungui kila mlango.

Pembeni mwa shamba umebaki mforosadi mmoja,
ule ambao shoka la babu liliuchoka.
Hajakaa kiwavi wa hariri kule
tangu nilipokuwa darasa la kwanza.
Hata hivyo, matuta mawili yaliyo jirani nao
nimeyaruka.

Yatatobolewa yote. Nitayauza kwa bei ya kulishia kuku.
Mume wangu Tokuji atauliza, maana haachi kuhesabu.
Nitamwambia pampu iliishiwa.