Kibali cha Siku Moja

Miaka kumi na tisa nakaanga mihogo Gongo la Mboto
na vilima vya Pugu vimekaa nyuma yangu
kama mdai mpole asiyebisha hodi.

Leo sikufungua kibanda.
Nimelipa elfu tatu kwa karani mwenye mafua,
akanipa risiti. "Ni ya siku moja, mama. Usiokote kitu."

Siwema, mwongoza wageni, yuko mbele,
viatu vya mpira, panga asilolitumia.
Hatua thelathini tu na honi za barabara ya Kisarawe
zikakatika sikioni.
Giza la kijani. Ubaridi wa mtungini.
Ndege ya abiria ilipita ikishuka uwanjani,
hatukuiona, majani tu yalijua.

Nilitaka kikubwa cha kusimulia. Chui, kwa mfano.
Nikaonyeshwa sange:
mdogo kuliko paka, pua ndefu,
anapekua majani makavu
kama ninavyopekua pochi kutafuta chenji,
mbiombio, kwa aibu kidogo.
Akapiga mguu chini mara mbili.
Hayupo.

Hondohondo walikatiza juu, mbawa zikivuma
kama mkeka unaokung'utwa.

"Humu shimoni amelala komba," Siwema akanong'ona.
"Usiku hulia kama mtoto."
Namjua. Tulipohamia, nilitoka na taa mara tatu
kumtafuta huyo mtoto.
Nasi tunamsingizia: fulani kalewa kama komba!
Kumbe anaramba utomvu, basi.

Wahenga walisema msitu mpya, nyani wale wale.
Hapa msitu ni wa kale.
Nyani wapya ni sisi.

Kisha pakawa na jua ghafla, jingi mno.
Visiki. Duara jeusi ardhini, pana kama ua wa nyumba.
"Tanuri la lini?"
"La masika ya mwaka juzi."
"Magunia mangapi?"
"Labda arobaini."

Nikapiga hesabu bila kutaka.
Gunia moja, wiki mbili.
Arobaini: mwaka mmoja na nusu wa mihogo yangu,
na ada ya Zuhura, na bati la choo.
Siwema hakunitazama.
Khanga yangu ilikuwa imeshamwambia tangu getini.

Magharibi tulisimama mdomoni mwa machimbo ya zamani
popo wakatoka,
wakatoka,
nikaacha kuwahesabu, nikainamisha kichwa tu.

Alfajiri, kibandani. Nimefungua gunia.
Kipande cha kwanza kina ganda bado,
na miviringo ndani, myembamba kama uzi wa cherehani.
Kumi na minne. Ishirini na mitatu.
"Mama, mihogo vipi leo?"
Thelathini na mmoja.
Subiri, baba.
Sijafika ukingoni.