Mti wa Fagio

Chuma changu ni ekseli, ya gari lililokufa,
Makopo kando mawili, zege kavu lenye nyufa,
Wete, nyuma ya hoteli, niko natafuta sifa,
Nina walimu wawili, na huku mgongo wafa.

Shaame hunena: "Kaza, macho darini yaweke,
Pumzi tumboni jaza, usiache zitoroke,
Nyayo ukizitandaza, utakuja uteguke."
Nikatii, nikakaza, hadi mshipa utoke.

Ijumaa huja Ussi, toka kule Mkoani:
"Nani kakupa kamusi, ya kutazama darini?
Tanua nyayo kiasi, macho yatazame chini,
Pumzi siyo fulusi, usifiche sandukuni!"

Nikayachanganya yote: jicho juu, jicho chini,
Nikapiga mimi kite, kikafika hotelini,
Kopo likang'oka lote, likalala mlangoni,
Kaja Hadia wa mkate, unga tele mikononi.

"Shaame kimo kifupi, mapaja yake magogo,
Ussi mnazi, hanepi, paja refu, tumbo dogo,
Wewe mwilio ni upi? Wauliza kwa vigogo!
Mgongo wauma wapi? Si hapo? Chini kidogo?"

Leo nanyanyua mti, wa fagio la Hadia,
Macho nimeyapa kati, ukutani, kwenye doa,
Nyayo bado sizipati, nasogeza, nachezea,
Wakija hao, sikati neno lao; napokea.

Jana wote walifika, saa moja ya jioni,
"Chini!" "Juu!" wakafoka, mate yaruka hewani,
Fagio nikalishika, nikafagia uani,
Walipokwisha kuchoka, mgongo u salamani.